Kununua mashine benki kwa murabaha: kuanzia profoma hadi rejesho la mwisho

Swali linalonijia mara nyingi kuliko yote ni hili: "Nimesikia kuna benki hazitozi riba. Nataka wanipe milioni sita nikanunue mashine. Naanzia wapi?" Kabla hatujafika mbali, swali lenyewe linahitaji kurekebishwa. Kwa njia ya murabaha benki haikupi milioni sita. Inanunua mashine kwa fedha yake, mashine inakuwa mali yake, halafu inakuuzia kwa bei iliyoongezwa faida, nawe unalipa kidogo kidogo. Mteja anayekwenda dirishani akiwa na mkopo wa kawaida kichwani hukwama njiani, au anamaliza akiwa na karatasi zenye majina ya Kiarabu huku alichofanya ni mkopo wa riba ule ule.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye biashara ndogo au karakana anayetaka kifaa: friji la duka, cherehani za kiwandani, bajaji, mashine ya kusaga. Nitatumia mfano mmoja hadi mwisho: fundi seremala wa Keko, Dar es Salaam, anayetaka mashine ya kuranda mbao ya shilingi 6,000,000.

Nadharia ni fupi. Aya ya 275 ya Suratul Baqara imehalalisha biashara na kuharamisha riba. Mtume (s.a.w.) alimwambia Hakim bin Hizam asiuze asichokuwa nacho. Ukiyaunganisha hayo mawili unapata sharti linalobeba kila kitu hapa chini: benki iimiliki mashine kwanza, ibebe hatari yake hata kama ni kwa saa chache, ndipo ikuuzie. Mfuatano ukivurugika, ile faida haina tena pa kusimamia.

Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Kitambulisho cha NIDA, namba ya mlipakodi (TIN) na leseni ya biashara. Ukiwa Zanzibar ni ZanID na karatasi za ZRA, Kenya ni kitambulisho cha taifa na PIN ya KRA.
- Barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa.
- Taarifa za akaunti, mara nyingi za miezi sita. Chukua na za pesa za simu, maana ndiko mauzo ya wengi wetu yanakopita.
- Daftari la mauzo na matumizi. Hata la mkono, ilimradi linasomeka.
- Dhamana: kadi ya chombo, leseni ya makazi, hati, au wadhamini. Ukiweka nyumba ya familia, mwenza wako atatakiwa kutoa ridhaa kwa maandishi, kwa hiyo mwambie mapema. Asije akashtukizwa kwenye meza ya mwanasheria.
- Fedha kidogo ya hamish jiddiyya, yaani amana ya kuonyesha kwamba hutanii.
- Maelezo kamili ya kitu unachotaka. Nitayarudia, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Hatua 1. Hakikisha unachohitaji ni kitu

Murabaha ni mauziano, lazima pawe na bidhaa. Ada ya shule, mishahara ya vijana, kodi ya fremu, deni la zamani: hayo hayanunuliki kwa murabaha. Ukitaka kutumia chombo kwa muda na kukimiliki baadaye, uliza ijara. Ukitaka mshirika anayeingiza mtaji na kugawana faida na hasara, uliza musharaka, ingawa kwa mfanyabiashara mdogo benki nyingi hazina hamu nayo, kwa sababu kufuatilia hesabu za duka la mtu ni kazi. Mkopo mwema usio na nyongeza, qardh hasan, utaupata kwa urahisi zaidi kwenye kikundi cha msikitini au kwa ndugu kuliko kwenye tawi la benki.

Tahadhari: wapo watakaokwambia fedha taslimu inapatikana kwa tawarruq, yaani benki inakuuzia bidhaa kwa mkopo, kisha inaiuza bidhaa hiyo sokoni kwa niaba yako na kukupa fedha. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha Sharjah cha mwaka 2009, lilikataa tawarruq ya kupangwa namna hiyo. Baadhi ya bodi za sharia, yaani wanazuoni wanaosimamia mabenki haya, zinaipitisha. Mimi ningeikwepa.

Hatua 2. Chagua benki, na uliza kabla ya kufungua akaunti

Tanzania kuna benki nzima ya Kiislamu, Amana Bank, iliyoanza 2011, na kuna madirisha, yaani vitengo vya Kiislamu ndani ya benki za kawaida: Al Barakah ya CRDB, Sahl ya KCB, la NBC, na la PBZ ambalo Wazanzibari wanalifahamu zaidi. Kenya Gulf African Bank ilifungua milango 2008, mwaka ule ule na First Community Bank ambayo sasa ni Premier Bank. Uganda ilibidi irekebishe kwanza sheria yake ya mabenki, mwaka 2016.

Dirisha si kasoro yenyewe. Unachotaka kujua ni kama fedha zake zimetenganishwa na za riba na kama lina bodi ya sharia yenye majina unayoweza kuyasoma. Halafu uliza haya, na uandike majibu:

- Bei ya jumla nitakayolipa ni shilingi ngapi?
- Nani anamlipa muuzaji, na nani anapokea mzigo?
- Nikichelewa, tozo ni kiasi gani na inakwenda wapi?
- Nikimaliza mapema, huwa mnapunguza?

Swali la kwanza halijibiwi kwa asilimia. Afisa akikwambia "faida yetu ni asilimia 15", mwombe kikokotoo. Kwa mashine yetu, asilimia 15 ya 6,000,000 ni 900,000, jumla 6,900,000, ambayo kwa miezi 12 ni 575,000 kila mwezi. Benki ya riba nayo inaweza kukutajia asilimia 15, lakini ikiihesabu kwenye salio linalopungua, yaani deni lililobaki kila mwezi. Hapo rejesho ni kama 541,550 na jumla ni chini kidogo ya 6,500,000. Asilimia ni ile ile, tofauti ni laki nne. Faida ile ya 900,000 ukiihesabu kwa mtindo wa salio linalopungua inakaribia asilimia 27 kwa mwaka. Sisemi hivyo kukukimbiza kwenye riba. Nataka ulinganishe shilingi kwa shilingi, kati ya benki hizi zisizo za riba zenyewe, maana bei zao hazilingani na mazungumzo yanaruhusiwa. Ni biashara, na mnunuzi ana haki ya kupatana.

Hatua 3. Fungua akaunti na uifanye iishi

Chagua ya biashara isiyo na riba. Pitisha mauzo humo kwa miezi kadhaa kabla ya kuomba chochote. Akaunti iliyofunguliwa Jumatatu na maombi kuletwa Jumatano haimshawishi afisa mikopo wa benki yoyote, iwe ya sharia au isiyo ya sharia.

Hatua 4. Tafuta mashine na uchukue profoma, usilipe hata senti

Zunguka Kariakoo, linganisha bei, ukiridhika omba profoma, yaani hati ya muuzaji inayotaja bidhaa na bei yake kabla ya kuuziana. Iandikwe kwa jina la benki. Kama benki yako inakubali yenye jina lako, sawa, lakini ibaki kuwa taarifa ya bei: isiwe risiti, isiwe na neno "amelipa advansi".

Sasa yale maelezo. Profoma ya "mashine ya kuranda, moja, 6,000,000" haifai kitu. Inatakiwa ionyeshe chapa na modeli, upana wa meza kwa inchi, mpya au iliyotumika, nguvu ya mota, na umeme: fezi moja au fezi tatu. Karakana nyingi za mtaani zina fezi moja. Benki itanunua kile kilichoandikwa, na mashine ya fezi tatu ikishafika kwenye karakana ya fezi moja, utaanza kulipa marejesho huku ukisubiri TANESCO. Ionyeshe pia kama VAT imo ndani ya bei, nani anabeba usafiri, dhamana ya muuzaji ni ya muda gani, na bei inashikilia hadi tarehe ipi. Siku saba hazitoshi, omba thelathini.

Makosa ninayoyaona hapa:

- *Kulipa advansi ili mashine isichukuliwe na mwingine.* Ukishalipa umeshaanza kununua wewe. Benki itanunua nini tena? Ikiwa umeshatoa, mwombe muuzaji akurudishie na mauziano yafutwe kwa maandishi kabla ya kupeleka profoma.
- *Profoma ya duka la mke, mume, au kampuni yako mwenyewe.* Benki kununua kitu chako kisha kukuuzia wewe ni njia ya kuzungusha fedha tu. Muuzaji awe mtu wa tatu kweli kweli.
- *Kupandisha bei kwa makubaliano na muuzaji ili akurudishie chenji.* Huu ni udanganyifu, na unalipia faida juu ya chenji hiyo.

Hatua 5. Peleka maombi na usaini ahadi

Ukikubaliwa, karatasi ya kwanza ni ahadi ya kununua, wa'ad. Hapa huuziwi kitu. Unaahidi kwamba benki ikiinunua mashine hii utainunua kwake kwa bei fulani. Soma bei, idadi ya marejesho na kinachotokea ukijitoa.

Hapa pia ndipo hamish jiddiyya inapolipwa. Tuseme ni 600,000. Mauzo yakikamilika inaingia kwenye bei, kwa hiyo kwenye 6,900,000 unabaki na 6,300,000, yaani 525,000 kwa miezi 12. Uliza swali moja la ziada: faida mmeipiga kwenye milioni sita nzima, au kwenye 5,400,000 ambayo ndiyo fedha iliyobaki baada ya amana yangu? Kwa asilimia 15, jibu lina uzito wa shilingi 90,000.

Hatua 6. Benki inanunua

Katika hali iliyonyooka, benki inamlipa muuzaji moja kwa moja, na risiti ya EFD inatoka kwa jina la benki. Fedha haipiti mfukoni mwako wala kwenye akaunti yako.

Mara nyingi benki haina mtu wa kwenda kukagua mbao na mota, kwa hiyo inakufanya wakala. Utasaini mkataba wa wakala, utakwenda dukani kwa niaba yake, utakagua na kupokea. Fanya kazi hiyo kama wakala hasa. Washa mashine dukani. Linganisha namba ya mota na iliyoandikwa kwenye hati ya makabidhiano. Piga picha ya kibati cha namba, picha ya mashine nzima, na picha ya hati ikiwa imesainiwa, kisha zitume kwa afisa wako siku hiyo hiyo. Wakati huo mashine ni ya benki. Ikianguka kwenye kirikuu njiani bila uzembe wako, hasara ni ya benki.

Kwa hiyo usianze kuitumia. Najua kazi zinasubiri na mteja wa kabati anapiga simu, lakini mashine ambayo bado hujauziwa si yako kuirandia mbao.

Hatua 7. Mauziano yenyewe

Sasa benki inakuuzia: ijabu (tamko la kuuza) kutoka kwao, kabuli (tamko la kukubali) kutoka kwako. Mkataba utaje gharama halisi ya benki (6,000,000), faida (900,000), bei ya jumla (6,900,000), kilicholipwa na ratiba ya marejesho. Murabaha isiyotaja gharama na faida wazi imekosa jina lake. Tazama tarehe: ahadi, wakala, makabidhiano, halafu mauzo, na kama yote ni ya siku moja basi saa zionekane.

Hapa nitakaza sauti kidogo. Kosa kubwa kuliko yote ni kusaini rundo lote siku ya kwanza. Afisa ana haraka, wewe una haraka, anakunjua kurasa za mwisho tu: "saini hapa, hapa na hapa, tarehe tutajaza." Ukifanya hivyo, umenunua mashine ambayo benki haijaimiliki. Mwambie kwa adabu: "Naomba mkataba wa mauzo nije kuusaini mzigo ukishapokelewa." Afisa anayeijua kazi yake hatakasirika. Bodi ya sharia ikikagua faili na kukuta mauzo yametangulia manunuzi, faida ile inaweza kuondolewa kwenye mapato ya benki na kupelekwa sadaka, kwa hiyo na yeye ana sababu ya kuwa makini.

Hatua 8. Lipa

Bei ikishafungwa imefungwa. Benki Kuu ikipandisha viwango, wewe unalipa 525,000 ile ile. Panga tarehe ya rejesho iwe siku mbili tatu baada ya siku zako za kupokea malipo. Tunza kila stakabadhi.

Mambo yakienda kombo

*Bei imepanda kabla benki haijalipa.* Usijazie tofauti kwa fedha yako kimyakimya. Leta profoma mpya, ahadi iandikwe upya.

*Nimebadili mawazo baada ya ahadi.* Kama benki haijanunua, ongea nao upesi. Kama imeshanunua, itaiuza mashine kwa mwingine, na hasara halisi, kama ipo, ndiyo inayokatwa kwenye hamish jiddiyya. Kilichobaki ni chako. Omba hesabu kwa maandishi.

*Mashine imeharibika mwezi wa pili.* Sasa ni yako, na deni linaendelea. Angalia kama mkataba umekuhamishia haki za benki kwa muuzaji. Kipengele hicho ndicho kitakachokuwezesha kudai dhamana dukani, maana risiti ina jina la benki na muuzaji mjanja atakwambia hakujui.

*Nimechelewa.* Deni lenyewe haliruhusiwi kukua. Benki nyingi zina tozo ya kuchelewa ambayo inakwenda kwenye sadaka, wala haiingii kwenye faida yao, ikiwa ni kumtia adabu mwenye uwezo anayezembea. Kama umekwama kweli, nenda kabla ya tarehe na ushahidi wako: taarifa ya akaunti inayoonyesha mauzo yameshuka, cheti cha hospitali. Aya ya 280 ya sura ile ile inamtaka mdai ampe muda mwenye dhiki, na unaweza kuitaja bila aibu. Omba kurefushiwa muda kwa bei ile ile. Wakikupa ratiba mpya yenye jumla kubwa kuliko ya zamani, usisaini. Peleka swali kwa bodi yao ya sharia.

*Nimepata fedha, nataka kumaliza mapema.* Kisheria unadaiwa bei yote, kwa sababu ulinunua kwa bei hiyo. Punguzo ni hisani ya benki, na mara nyingi wanalitoa, lakini omba kwa barua na usubiri jibu kabla ya kulipa. Ukishalipa yote huna tena la kuzungumza.

*Mimi si Mwislamu.* Huulizwi dini. Masharti ni yale yale.

*Tawi halinisikilizi.* Anza na kitengo cha malalamiko cha benki kwa barua yenye muhuri wa kupokelewa. Ikishindikana, Benki Kuu ya Tanzania hupokea malalamiko ya wateja wa mabenki, na itakuuliza kwanza kama ulipita kwa benki yenyewe. Barua ile yenye muhuri ndiyo jibu lako.

*Nimemaliza kulipa, dhamana haijarudi.* Omba barua ya kumaliza deni, halafu kadi au hati yako. Kama rehani ilisajiliwa kwa Msajili wa Hati, hakikisha benki imeiondoa huko pia. Hati inaweza kuwa kabatini kwako huku daftari la Msajili bado linaonyesha nyumba ina deni, na utaligundua siku unayotaka kuiuza.